Miaka Saba ya Kuhamia Vumbani

Al-Murabba, Riyadh

Kwa Baba yangu mpenzi, Mzee Bakari,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta na afya, na lile goti limekupa nafasi ya kulala. Mimi mzima, ila nimechoka hoi. Naandika kwa sababu kwenye simu wewe hunikatiza. Nyambura, mwenzangu wa ofisini, anakuja likizo Mombasa kesho, ndiye atakayekuletea.

Kazi yangu waijua: kutafsiri kwa Kiarabu makaratasi ya Liwali wa zamani, mtawala wa Sultani huko kwetu. Mwenye makaratasi ni mjukuu wake, Sheikh Fadhil wa Jeddah, yule anayetujengea shule Vumbani, na aliyekubali ipewe jina la Babu kwa hadithi tulizomsimulia sisi. Wallahi yamenitia wazimu! Sultani aliamuru makao ya jimbo yatoke Ndongoni, penye mbu na homa, yaje Vumbani. Amri ya mfalme, halas, yamekwisha, si watu wahame? Wapi! D.C. wa Kiingereza akataka asubiriwe mpima ardhi. Mpima akaja, D.C. akasema mvua. Mvua ikakatika, mpima yuko likizo Ulaya. Faili likaenda Nairobi, likarudi eti halina muhuri. Miaka saba! Na kila mwaka Liwali anawaandikia watoto wangapi wamezikwa Ndongoni. Nilikuwa nawatukana wakoloni wale peke yangu mezani, hadi Nyambura akaniuliza kama naumwa.

Baba, tumekua tukiambiwa kuwa Babu, karani wa D.C., ndiye aliyepigania watu wahame. Sivyo. Wiki jana nilifikia barua ya siri, sijui ilimfikiaje Liwali, inayomwambia D.C. kuwa maji ya Vumbani ni mabovu, na mpima azidi kucheleweshwa. Maji yetu haya haya! Mwishoni mwandishi anasema makao yakihama, Liwali ataweka karani wake, na yeye mwandishi atakosa kazi. Mwandiko niliujua kabla sijaona sahihi. Ndio ulioandika tarehe yako ya kuzaliwa kwenye msahafu wa nyumbani.

Nisamehe. Niliificha mkobani siku nne. Sheikh akipiga simu namwambia bado, kesho, natafuta kamusi. Mimi huyu huyu niliyekuwa nikitukana watu! Nilijichukia. Jana nimeitafsiri yote, na jina la Babu, nikaituma Jeddah. Shangazi yake Sheikh, binti wa Liwali, alizikwa Ndongoni akiwa na miaka mitatu. Ana haki ya kujua.

Hajanijibu hata neno, na Jumamosi anafika huko kufungua shule. Nakuomba, ile hotuba ya kumsifu Babu usiisome. Mpokee mlangoni, umwambie ukweli huo wa Babu wewe mwenyewe kabla hajakuuliza.

Mama msalimie sana, ila barua hii msomee akishakula. Ukitaka kunifokea, piga, nitapokea.

Mwanao,
Mwatime