Jogoo wa Afisa Manunuzi

Jumanne

Na jogoo jana nilishamfunga miguu. Nilitaka kumpelekea afisa manunuzi wa halmashauri, heshima tu, kabla mshindi wa zabuni ya madawati tuliyoomba hajatangazwa.

Mjukuu wangu Oliva akaziba mlango. "Babu, chuoni nilikuwa kwenye kamati ya chakula. Mzabuni mmoja alituletea kreti ya soda, tukamtoa kwenye zabuni palepale. Unataka na sisi tutolewe?"

Nikanuna. Kampuni ya useremala ni yake, lakini Sumbawanga nzima hakuna anayenishinda kupiga randa. Ila niliogopa, nikaona zabuni tutaikosa kwa kwenda mikono mitupu.

Leo wamesoma majina ya washindi. Tumepata, kama nilivyosema.

Jogoo tumemla wenyewe. Firigisi nyumba hii huwa ni yangu. Leo nimempa Oliva, na sikumwambia kwa nini.