Kaburi Alilochimba Jirani wa Kwanza

Tonton,

Ni mwaka wa tatu sasa tangu ufe, mjomba, na mama bado ananiuliza karatasi zako zimefikia wapi. Kila akipiga simu kutoka Lubumbashi swali ni lile lile: "Mwili ya ndugu yangu itakuya lini?" Nami hapa Ixelles, Brussels, najifanya sisikii kwa kelele za mabasi, halafu namdanganya tena.

Nimekukasirikia na wewe pia, nikuambie ukweli. Padri mzima wa Katanga, ukaenda kupenda kijiji cha mahindi na bata huko kusini mwa Ufaransa, watu wenyewe hata salamu wanatoa kwa kipimo. Mwaka wa kwanza hakuna aliyekukaribisha hata kahawa. Wewe ukakaa na vitabu vya ubatizo vya parokia. Ukanipigia kunieleza kwamba tangu zamani za wafalme majina ni yale yale matano, na kwamba vita moja tu iliondoka na vijana wengi kuliko wanaume wote waliobaki. "Hapa muntu anaitwa jina ya nyumba, hapana ya baba yake," ulisema ukicheka. "Donc miye naitwa Nyumba ya Padri!"

Ulinieleza pia habari ya jirani wa kwanza. Kule, nyumba iliyo karibu zaidi na mlango wako ndiyo ndugu yako siku ya kifo. Wao hupeleka habari, hubeba msalaba, huchimba kaburi. Nilidhani ni mambo ya zamani tu.

Ulipofariki niliomba ruhusa kazini, hospitali kule Jette, nikapanda treni kuja kukuchukua. Mama alikuwa ameshasafisha nafasi kando ya kaburi la babu. Nikamkuta mzee Marcel, jirani yako, mlangoni pa kanisa, suti imembana, viganja vimechubuka. Alikuwa amechimba siku mbili kwenye udongo ulioganda, na nyonga yake mbovu ile. Alinionyesha tu shimo, kuta zake zimenyooka. Nyuma yake kijiji kizima kilisimama, hakuna anayelia. Tonton, nilishindwa kumwambia mzee yule alifukie. Nikasaini uzikwe pale. Kwa mama nikasema karatasi zimekataliwa, kwamba nitaomba tena.

Kwa muda niliona nimefanya vizuri. Sasa sijui. Shule imegeuzwa nyumba ya wageni wa kiangazi. Kanisa linafunguliwa mara moja kwa miezi miwili. Na Marcel amekufa. Jirani wake wa kwanza ulikuwa wewe, na nyumba yako ni tupu, kwa hiyo kaburi lake lilichimbwa na mashine iliyoletwa kutoka mjini. Nilipokuja mwezi uliopita, magugu yalikuwa yamefunika jina lako. Niliyang'oa kwa mikono huku nalia kwa sauti, kama tunavyolia kwetu, na hakuna pazia lililosogea.

Nilikuacha mikononi mwa kijiji kinachoisha, Tonton. Na mama bado anafagia ile nafasi.

Pumzika, mjomba wangu. Jumapili, baada ya misa, nitampigia mama mimi mwenyewe. Nitamwambia hakuna karatasi iliyokataliwa, ni mimi niliyekuacha huko. Akikata simu, nitapiga tena.

Ni mimi, mtoto wa dada yako.