Dakika Kumi za Chaja

Jumapili, 2 Novemba. Riyadh
Nimeosha magari yote mawili tena. Juma ana mafua. Lazima yakauke kabla jua halijawa kali, la sivyo maji yanaacha madoa, na doa moja ni matusi ya kutwa nzima.

Jeupe ni la Bosi Khalid. La Mmarekani. Mimi ndiye dereva wake. La kijivu ni la mdogo wake, Bosi Nayef. La Mchina. Dereva wake ni Juma, kijana wa Likoni ninayelala naye chumba kimoja hapa nyuma ya nyumba. Yote ni ya umeme, yote mapya. Chaja ya ukutani ni moja. Hapo ndipo penye shida.

Nimeendesha yote mawili, kwa hiyo nina haki ya kusema. La Mmarekani linakwenda mbali zaidi kabla ya kuomba chaji, na kwenye barabara kuu limetulia kabisa, kama limeshikwa na ardhi. La Mchina linajaa upesi. Viti vinapoza mgongo. Kila kitu kimo kwenye skrini. Bei yake iko chini sana. Ningekuwa na pesa ningenunua la Mchina na kuota la Mmarekani.

Hilo simwambii mtu.

Jumanne, 4 Novemba
Leo damu.

Familia ina kampuni ya kukodisha magari, na wanataka kununua arobaini ya umeme kwa tawi la Jeddah. Khalid anataka ya Mmarekani, Nayef ya Mchina. Mwenye kutia saini ni mama yao, anayekaa Jeddah. Walikuwa wakizungumza naye kwenye simu nilipoingiza katoni ya tende.

Khalid alisema gari la Mchina ni simu iliyofungwa magurudumu. Nayef akasema wanaonunua la Mmarekani wananunua jina tu, na kaka yake hajawahi kuwa na kitu kingine zaidi ya jina. Khalid alirusha birika la kahawa. Lilimpata Nayef sikioni. Nayef akaruka meza na kumkaba koo. Wanaume wa miaka arobaini, wanagaragara zuliani kati ya vipande vya vikombe vya kahawa. Mama yao kwenye simu analia na kuita majina yao.

Nilisimama na katoni yangu. Hakuna aliyeniambia nitoke.

Mwisho mama akasema wamletee yote mawili Jeddah, ayapande mwenyewe, ndipo aamue. Hakusema mashindano. Hao wawili ndio wamesema.

Alhamisi, 6 Novemba
Asubuhi gari la kijivu limekutwa halina chaji. Waya ulichomolewa.

Aliyechomoa ni Bosi Khalid mwenyewe. Nilimwona. Juma naye alimwona, alikuwa kando yangu na ndoo.

Nayef hakuuliza. Aliutwaa ule waya wa chaja na kunipiga nao mgongoni. Mara tatu. Ni waya mnene. Nilianguka kwa magoti. Nilimtazama Juma. Aliangalia ndoo.

Chumbani akaniletea dawa ya kuchua. Nikaisukuma.

"Ningesema nini, Barasa? Anirudishe kwetu? Mamangu anasafishwa figo kila wiki, wajua."

Najua. Nimeshamwombea huyo mama. Lakini leo namchukia mwanawe. Siwezi kulala chali.

Jumamosi, 8 Novemba
Safari ni Jumatatu. Bosi Khalid ameniita ofisini. Akafungua droo, akanionyesha pasipoti yangu, akaifunga tena.

"Ukifika nyuma ya Mchina, unarudi Kenya. Halas, imekwisha."

Binti yangu yuko kidato cha pili. Nilisema sawa, bosi.

Juma ameambiwa hayo hayo na bosi wake. Nimejua kwa vile alivyorudi bila kusalimu. Hatupiki pamoja tena. Yeye wali wake, mimi mkate na maziwa. Chumba ni kidogo. Tunapishana kama watu wasiojuana.

Jumatatu, 10 Novemba. Jeddah, hospitali
Mkono wa kulia umevimba. Naandika polepole. Naandika yote, maana kesho nitaanza kujidanganya.

Tulitoka Riyadh baada ya sala ya alfajiri. Kila bosi ndani ya gari lake, kiti cha mbele, kando ya dereva wake. Saa za kwanza zilikuwa nzuri hata. Barabara imenyooka, jangwa huku na huku, ngamia nyuma ya seng'enge. Juma alisimama kuchaji mara moja nasi tukampita. Khalid alicheka, akanipiga begani, akaniita simba. Nilifurahi. Nakiri.

Kituo cha mwisho kabla ya Taif kina chaja mbili. Moja imekufa. Tulipita njia ya kuingilia, ikabidi twende mbele kugeuza. Tuliporudi, Juma alikuwa ameshachomeka. Nayef ameingia msikitini. Sisi hatungefika Jeddah bila chaji, na Khalid alikuwa amewasha AC mpaka mwisho njia nzima.

Akaniambia, "Chomoa."

Nikashuka. Juma akasimama mbele ya chaja, mikono wazi.

"Dakika kumi tu, Barasa. Wallahi dakika kumi nakuachia. Hili lajaa upesi, walijua."

Kweli, nalijua. Dakika kumi.

Nyuma yangu Khalid anapiga honi. Yalla! Yalla!

Si honi iliyonisukuma. Niseme ukweli kwenye karatasi angalau. Niliona ile ndoo. Niliona macho yake yakiangalia ile ndoo huku waya ukishuka mgongoni mwangu. Nilimpiga ngumi ya taya kwa nguvu zangu zote. Alianguka, na taya lile lile likagonga ukingo wa saruji. Nilisikia mfupa. Alijaribu kuinuka, nikampiga teke la mbavu. Hakuna aliyeniamuru lile teke.

Kisha nikachomoa waya wake na kuchomeka wetu. Nilisimama pale kama mfanyakazi mwema, nikisubiri. Juma alikuwa chini, anatema damu na jino.

Nayef alitoka msikitini. Alichukua spana ya magurudumu, akavunja kioo chetu cha pembeni, kisha taa. Khalid alitoka na mkanda. Walipigana kati ya magari, na watu wa kituo walisimama mbali wakipiga video. Halafu Nayef akamtupa Juma kiti cha nyuma kama mzigo na kuondoka kwa kasi. Khalid akanisukuma kiti cha abiria, akashika usukani mwenyewe.

Tuliwafikia baada ya Taif. Nilidhani anataka kupita. Alilenga. Alimgonga nyuma mara ya kwanza, la kijivu likayumba. Nilipiga kelele, "Bosi, Juma yumo ndani!" Mara ya pili aligonga akiwa amekaza meno, kama mtu anayevunja mlango. Gari la kijivu lilikwenda kwenye ukingo wa chuma, likageuka ubavu, likaburuzwa. Cheche. Kisha kimya.

Nilishuka nikalikimbilia. Milango ilikuwa imebonyea. Nilivunja kioo cha nyuma kwa jiwe, nikajipitisha, nikamvuta Juma kwa makwapa. Alinitambua. Alijaribu kunisukuma mbali. Hata hapo, akiwa hivyo, hakutaka mikono yangu.

Khalid alikuwa amemtoa mdogo wake. Mkono wa Nayef umevunjika. Khalid alikuwa anambusu kichwa na kulia kwa sauti, ndugu yangu, ndugu yangu.

Jumanne, 11 Novemba
Polisi walikuja wodini na mkalimani. Khalid alisema breki zilichelewa. Nayef, mkono umefungwa kitambaa shingoni, akasema ndiyo, zilichelewa. Taya la Juma je? Ajali. Mbavu? Ajali.

Wakaniuliza mimi.

Nikasema ajali.

Juma amefungwa taya kwa waya, hawezi kusema. Macho yake yalikuwa juu ya dari. Hakuitikia kwa kichwa wala hakukataa. Mbavu mbili. Meno manne.



Jumatano, 12 Novemba
Naandika kwa haraka kwenye benchi, askari yuko mlangoni ananisubiri.

Nimesema. Nilimfuata ofisa koridoni, nikamwambia mkalimani atafsiri neno kwa neno. Taya nimelivunja mimi, kituoni. Mbavu mimi. Na breki hazikuchelewa, Bosi Khalid alilenga, mara mbili.

Khalid alikuwa nyuma yetu. Alinipiga kichwa kwenye ukuta. Nikaona weupe. Akaniongeza teke la tumbo kabla hawajamvuta. Mama yake alikuwa amefika, mwanamke mfupi na fimbo yake. Aliinua fimbo na kumchapa mwanawe usoni mbele ya polisi wote. Mara moja. Hakuna aliyesogea.

Kisha akaniangalia mimi. Sikuona shukrani wala hasira. Aliniangalia kama kitu kilichomwagika.

Naogopa. Naogopa sana.

Jumatano, 19 Novemba
Nje.

Siku saba selo. Tulikuwa wengi, tulilala kwa zamu. Siku ya pili mtu mmoja alinipiga kwa ajili ya nafasi ya ukutani, nami sikurudisha. Si wema. Mkono ulikataa kukunjika ngumi.

Khalid na Nayef walisameheana siku ile ile. Saini mbili, kahawa, wakaenda zao. Ofisa alinieleza: mwenye kuumizwa akisamehe, jambo linakwisha. Kwangu mwenye kuumizwa ni Juma. Kwa hiyo nilingoja.

Leo asubuhi waliniita jina. Wakanionyesha karatasi. Saini ya Juma, imepinda, kama ya mtu aliyeandika amelala. Nimeulizwa kama naielewa. Niliinamisha kichwa juu ya meza, sikuweza kukiinua.

Pasipoti yangu imeletwa. Narudishwa nyumbani Jumatano ijayo. Kazi hakuna tena.

Jumamosi, 22 Novemba. Sharafiya, Jeddah
Nimepewa kitanda na jamaa wa Kisii wanaobeba mizigo bandarini. Wanasema magari ya umeme yanashushwa kila siku, yamepangwa kama mistari ya daftari, ya Mmarekani na ya Mchina, na hakuna anayeyapigania.

Mama yao ametia saini. Ishirini ya Mmarekani, ishirini ya Mchina. Nimeyasikia kwa dada anayefanya kazi kwake, Mkenya pia. Anasema wanawe wote wawili walikuja Ijumaa, wakala sinia moja. Nayef kwa mkono wa kushoto, Khalid akimchambulia nyama.

Juma amesafiri leo mchana. Mama yao amelipa hospitali na tikiti. Nilimkuta mbele ya hoteli ya Wapakistani, amekaa juu ya begi, anakunywa supu kwa mrija. Amekonda. Nilisimama mbele yake. Nilikuwa nimepanga maneno mengi.

Nikasema, "Nisamehe, ndugu yangu."

Alimaliza supu kwanza. Kisha akaandika kwenye simu, akanigeuzia: Nilisaini kwa sababu ulisema. Sikusaini kwa sababu nimesahau.

Teksi ikaja. Niliinua begi lake, hakunizuia. Nikaliweka nyuma, nikafunga buti taratibu. Nilinyoosha mkono. Alikuwa ameshaingia, anafunga mkanda, kwa shida, kwa sababu ya mbavu. Sikumsaidia. Nilijua asingependa.

Nimerudi chumbani. Nimefua shati. Liko dirishani, kuna upepo kidogo.