Kibaraza Nilichokishinda Goole

Jumanne, 21 Mei

Mimi mtu wa bahati. Waulize watu wote wa Yorkshire! Jumamosi nilishinda kibaraza cha turubai, kile cha kuunganisha ubavuni mwa karavani, kwenye bahati nasibu ya klabu yetu ya karavani, sisi wenye nyumba za kuvutwa na gari, kule Goole — tiketi ya kijani, namba sabini na saba. Kizima kabisa, na nguzo zake, na vigingi vyake, ndani ya mfuko wake. Wenzangu walirudi nyumbani na makopo ya biskuti. Ndivyo nilivyo tangu utoto. Miaka thelathini na moja nimeendesha malori, nimekula vyura Lyon, nimekwama kwenye theluji Poland siku nne nisipate hata mafua. Na shule niliiacha na miaka kumi na tano!

Mke wangu Noreen hakuwepo Goole, alikuwa kwa dada yake. Nilipomwonyesha mfuko, hata hongera hakusema. Aliuliza kama nilipima karavani kwanza. Maana wiki ile alikuwa amenitilia futi yake ya kushonea kwenye mfuko wa koti, akasema ukikutana na kibaraza popote duniani, Wilf, pima kabla hujafungua mdomo.

"Zawadi haipimwi, mpenzi," nikamwambia. "Zawadi hupokelewa."

Akanitazama. Akaenda kuweka birika.

Ijumaa Janine, binti yetu, anatuletea mtoto wake kwenye karavani, kule pwani Filey. Dulcie, miezi mitano, na hajawahi kulala hata dakika moja chini ya paa langu! Ndani ya karavani mimi na Noreen tunajaa peke yetu, kwa hiyo binti yangu na mtoto watalala kibarazani. Janine ameshatoa sharti kwa simu: upepo ukimpiga mtoto, anaondoka kwenda kwa mama mkwe wake Harrogate, siku nne zote za sikukuu. Huko sakafu ina joto. Sakafu! Mimi nina bahari nzima.

Jumatano, 22 Mei

Filey. Tumeegesha juu ya majabali, mahali petu pa kila mwaka. Jua. Noreen akavuta, mimi nikasukuma, pindo likateleza kwenye reli ya karavani, ule mfereji wa juu ubavuni, kama siagi. Nikasimamisha nguzo. Nikarudi nyuma hatua kumi kutazama. Bluu na kijivu — ikulu!

Kisha nikaingia ndani, nikasikia ubaridi kwenye vifundo vya miguu.

Kibaraza kimepungua shubiri moja kila upande. Kimening'inia kama suruali ya shule ya mtoto aliyerefuka. Kati ya nguzo za nyuma na ubavu wa karavani mkono wangu unapita mpaka begani. Chini ya karavani upepo unapita na kurudi kama uko kwao. Na kwenye gurudumu kuna tundu la kupitisha mbwa.

Godfrey Thwaite akaja. Jirani yetu wa miaka yote, injinia mstaafu, kibaraza chake kimekazwa ukikigusa kinalia kama ngoma. Akazunguka changu mikono mgongoni.

"Hiki kipimo gani, Wilf?"

"Changu."

"Inatakiwa uisawazishe karavani kwanza, halafu futi itoke ardhini, ipande ifuate reli, ishuke upande wa pili mpaka ardhini. Hiyo ndiyo namba ya kununulia. Hukufanya hivyo?"

"Macho yangu ndiyo futi, bwana. Nimepita chini ya madaraja ya Italia na kontena, imebaki nafasi ya kidole kimoja."

"Basi hicho kidole umekisahau Italia," akasema.

Noreen alicheka mpaka akakaa juu ya jokofu dogo. Nikawaambia ni zawadi, mtu hachagui. Godfrey akakubali, hilo kweli, zawadi mtu hachagui. Mtu mzuri Godfrey. Ana kelele za kitaalamu tu.

Alhamisi, 23 Mei

Kazi! Toka saa kumi na mbili asubuhi. Dunia nzima sijapata kuona fundi kama mimi.

Kwanza chini ya karavani. Nimeishonea sketi: pazia la bafu letu la zamani, lenye samaki, nimelibana kwenye reli ya chini na kulikandamiza kwa mawe ya ufukweni. Gurudumu nimelivika foronya mbili. Mapindo yaliyopungua nimeyaongeza kwa turubai la kufunikia kuni, Noreen akishona kwa mkono, kinywa kimejaa pini, asiweze kunisema. Nusu saa nzuri sana.

Halafu ubavuni. Dukani mjini wanauza zile sponji ndefu za watoto kuelea majini. Nikanunua sita, nikazikata, nikazisokomeza ndani ya soksi ndefu za nailoni za Noreen. Soseji! Zinawekwa kati ya nguzo na ukuta wa karavani, zinajaa kila mkunjo.

"Wilfred! Hizo ni za harusi ya mpwa wetu Kelvin!"

"Harusi ilishapita."

"Na ndoa yetu je, unaitaka ipite?"

Akanipiga na soseji. Nikampiga na nyingine. Wazee wa miaka sitini na nane!

Jioni Godfrey akaniletea mshumaa. Unapitisha moto polepole kando ya ukingo wote, unaangalia ulimi wake. Ukisimama wima, umeziba. Tumetembea hivyo watu watatu kwa mstari, kimya kama kanisani. Wima, wima, wima... Kona ya kushoto, karibu na mtungi wa gesi, moto ukainama. Nikaongeza soseji. Ukainama. Nikaongeza taulo. Ukatetemeka kidogo tu.

"Upepo ukibaki kusini, utapona," alisema Godfrey.

Mimi na upepo tunaelewana.

Ijumaa, 24 Mei

Wamefika! Janine hata koti hakuvua. Akalamba kidole, akakizungusha hewani. Akapiga magoti, akalaza shavu palepale kitakapokaa kitanda cha mtoto. Akakaa hivyo muda mrefu. Sote tumesimama. Hata Godfrey, kwake, alikuwa ameacha kukata nyasi.

"Usiku mmoja, Baba," akasema. "Tujaribu mmoja."

Dulcie ana kidevu changu. Maskini.

Jumamosi, 25 Mei

Amelala usiku kucha! Saa saba mfululizo! Janine anasema nyumbani hajawahi kulala zaidi ya tatu. Ameingia na nywele zimesimama, anacheka, anataka mkate wenye bekoni. Nikampa miwili.

Siku nzuri kuliko zote mwaka huu. Tumekula samaki na chipsi ukutani, shakwe mmoja akaiba kipande cha Noreen, Noreen akamtukana kwa jina la dada yake. Mchana mtoto amelala kifuani kwangu saa nzima, mkono wangu ukafa ganzi sikuusogeza. Janine akanitazama tu. Akasema labda watakuja tena Agosti.

Agosti!

Furaha ikanipanda kichwani, nikasimulia tena nilivyosimama pale Goole na tiketi yangu nyekundu.

"Kwenye simu ilikuwa ya kijani, Baba."

"Nyekundu upande mmoja," nikasema.

Noreen alikuwa anamenya viazi. Kisu kikasimama kidogo, kikaendelea.

Jumapili, 26 Mei

Saa tisa mchana. Naandika juu ya goti, mwandiko mbaya, nimebanwa.

Upepo umegeuka. Kaskazini mashariki, moja kwa moja kutoka baharini. Ulianza tukiosha vyombo. Soseji ya kona ya kushoto ikaruka kama kizibo cha chupa, ikavuka kibaraza, ikaangukia bakuli la mchuzi. Dulcie alikuwa ndio kwanza amelala. Janine akainuka. Akachukua begi, akaanza kukunja nguo za mtoto.

Nikachukua kigoda, nikakaa kwenye kona, nikabandika mgongo kwenye mwanya. Wote. Mimi ni mpana, nashukuru Mungu na bekoni. Upepo ukakoma. Nywele za mtoto zikalala.

Janine akashika mkono juu ya kitanda. Akauzungusha. Akaweka begi chini.

"Usisogee, Baba."

"Sisogei."

"Hata kidogo."

Figo zangu zimeganda, lakini mtoto anapumua polepole, ngumi yake iko sikioni, na Janine amejilaza pembeni yake. Ningekaa hivi mpaka Agosti.

Ila Noreen yuko nje. Namsikia kupitia turubai. Anamwambia Godfrey haiwezekani klabu impe mtu zawadi isiyomtosha, wanatakiwa waibadilishe, mzee wangu anaganda humo ndani. Godfrey anasema kweli kabisa, na namba ya katibu anayo, Bi Pickersgill, mwanamke mwenye daftari la kila tiketi. Nimeita "Noreen!" kwa kunong'ona. Mara mbili. Janine amenikunjia uso.

Siwezi kuinuka. Nikiinuka, Harrogate.

"Hujambo Bi Pickersgill, ni Noreen Oldroyd... ndiyo, mke wa Wilf... kuhusu kile kibaraza..."

Anasikiliza. Anasikiliza muda mrefu mno.

Koti langu nimelivaa. Futi imo mfukoni, inanichoma ubavu, bado imeviringishwa vilevile alivyoiviringisha yeye.

Sikushinda kitu Goole. Kibaraza nilikinunua kwa mtu aliyekuwa akiuza vitu kwenye buti la gari lake, mfuko umefungwa, na sikupima.