Sauti Chini ya Ngozi

Bugomora, 4 Juni 2024, saa mbili asubuhi

Binti yangu Komujuni,

Hujambo? Nakuandikia kwa simu. Wagonjwa wako hapo zahanati ya Ndama wanaendeleaje? Huku ng'ombe wanashiba, ila mguu unanichokoza. Juzi mwiba ulinikwaruza chini ya goti, kidonda hata punje ya mtama hakifikii. Lakini maumivu! Hata shuka likigusa napiga kelele. Nina homa, na mguu umevimba. Nimejidunga ile dawa ya ng'ombe iliyobaki, kwa hiyo usihangaike. Jirani yetu Ainebyona anacheka: mzee mzima kulizwa na mwiba! Sitoki hapa mpaka ng'ombe wetu Bihogo azae.

Baba yako, Nuwagaba

Ndama, 4 Juni, saa tatu

Shikamoo Baba,

Pole sana, na unisamehe kwa ukali. Dawa ya ng'ombe mwachie ng'ombe. Hicho unachokionea aibu ndicho kinachonitisha: kidonda kidogo, maumivu makubwa. Vijidudu vinaweza kuwa vinaozesha nyama kwa ndani, juu ngozi ikionekana nzima. Ikianza kugeuka zambarau na kutoa malengelenge, tumechelewa.

Wewe ndiye uliyenifundisha chambavu, ule ugonjwa wa ng'ombe: unabonyeza paja la ndama, ngozi inalia kama jani kavu la mgomba, na ndama ndiyo basi tena. Bonyeza mguu wako. Ukisikia, ondoka. Usiposikia, ondoka vilevile. Chora kwa kalamu pale uvimbe unapoishia, daktari aone unavyokimbia. Nenda hospitali yenye chumba cha upasuaji, si duka la dawa. Bihogo atazaa bila wewe. Mimi sina baba mwingine.

Mwanao, Komujuni

Bugomora, 4 Juni, saa sita

Marahaba mwanangu. Nilichora, halafu kwa ukaidi wangu nikaenda kunywesha ng'ombe. Narudi, uvimbe umeuvuka mstari vidole vitatu. Nikabonyeza. Sauti ile naijua. Naogopa, Komujuni. Bodaboda amefika.

Baba

Ndama, 4 Juni, saa saba

Baba, nakufuata. Ukifika sema kwanza kwamba maumivu yamezidi kidonda. Nijibu, hata neno moja.

Mwanao

Bugomora, 20 Septemba 2024

Binti yangu,

U mzima? Mimi ni mzima. Uliniuguza wiki nyingi, lakini ule ujumbe wako sikuwahi kuujibu, maana nilikuja kuuona baada ya kisu cha daktari. Jibu ni hili: nilifika.

Walinipasua mara tatu, wakaniziba kwa ngozi ya paja. Mguu umekonda, haupendezi, lakini unanibeba. Bihogo alizaa ndama jike bila mimi, kama ulivyosema.

Sasa sikia. Mwezi uliopita Ainebyona alipigwa teke na ng'ombe, akapata mchubuko tu. Nikamkuta kitandani analia, huku akisema si kitu. Sikungoja mstari wala sauti. Nikamwita bodaboda, nikampakia. Akanitukana kwamba nimekuwa mwoga, hospitali imeniharibu. Daktari alipompasua akakuta ni ugonjwa uleule, ila ndio kwanza unaanza.

Leo asubuhi amekuja kunitukana tena, akanywa na maziwa yangu. Amekuja kwa miguu yake.

Baba yako, Nuwagaba