Ng'ombe Ametajwa, Mama Je?

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia huku Vuga. Babu yako anakohoa kidogo tu, na ng'ombe amezaa ndama jike.

Unauliza Sabato ni Jumamosi au Jumapili. Hilo watu walibishania kabla sijazaliwa, siliwezi. Ninachokumbuka ni Jumapili moja nikiwa msichana. Baba alitusomea ile amri: asifanye kazi mwana, wala mtumishi, wala mgeni, wala ng'ombe. Ndiyo maana majani ya ng'ombe tuliyakata Jumamosi, ya siku mbili. Baba akafunga Biblia, akauliza chakula. Mama hakuinuka.

"Ng'ombe ametajwa," alisema. "Mimi je?"

Baba akachukua kisu, akaenda kumenya ndizi. Tulizila hazijaiva vizuri, mama akicheka hadi machozi.

Yesu alisema Sabato iliwekwa kwa ajili ya mtu. Siku ile niliona kwamba huyo mtu ni pamoja na mama.

Sasa nami nikuulize, mwanangu, bila ugomvi: yule dada anayekulelea mtoto ukiwa kanisani, yeye anapumzika lini?

Bibi yako, anayekukumbuka kila akikamua maziwa.