Chupa ya Corbières

Corbières, Ufaransa
14 Novemba 1966

Kwako Shangazi Muhsina,

Assalamu alaikum. Nakushika miguu kutoka huku mbali, na nakuuliza hali yako na hali ya wote hapo Ghubra. Mimi mzima, ila baridi inaniuma masikio.

Shangazi, tangu niteremke melini Marseille kila mara unaniuliza kazi yangu, na kila mara nakujibu "kibarua". Leo nakwambia: nafanya kazi katika ghala la mvinyo. Usiitupe barua, isome mpaka mwisho.

Nilikuja kuchuma zabibu tu. Siku moja Bwana Estève, mwenye ghala, alikuwa akiwaonjesha wageni mvinyo mwekundu wa pipa la zamani, wakawa wanabishana unanukia nini. Nilikuwa nimesimama karibu. Nikanusa, nikasema: karafuu, tena karafuu iliyochelewa kuanikwa. Wakacheka, wakanusa tena, wakakubali. Tangu siku hiyo Bwana Estève ananichukua kijiji kwa kijiji nimuonjee. Mvinyo wa milimani, kwenye mawe, unanukia pilipili manga na majani makavu. Wa karibu na bahari unanukia zabibu kavu na ngozi ya viatu vipya. Unautia mdomoni, unauzungusha, unautema kwenye ndoo. Natema wote, Shangazi. Simezi.

Pua hii nimeipata kwako, uliyenilea tangu mama alipofariki, ukanikalisha mbele ya majamvi ya karafuu kule Unguja, kabla ya kuhama, na kunifunga macho nichague iliyovunda. Kila mkate ninaokula huku unatokana nayo. Nakushukuru, na naomba radhi zako juu ya kazi hii. Sina mwengine wa kumwomba.

Mwanao,
Aflah

Ghubra, Maskati
3 Februari 1967

Mwanangu Aflah,

Waalaikumu ssalaam. Hapa alhamdulillahi: visima vina maji, mbuzi wamezaa, goti langu la kulia halijambo na la kushoto linalalamika peke yake. Shali uliyonipelekea imefika, nna joto la kutosha na nashukuru.

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikaificha chini ya mto. Nimekulea kwa karafuu na asmini, leo pua niliyoifunza mie inakula kwenye mapipa ya ulevi. Haya. Nimemuuliza wifi yangu Hamdiya, bila ya kutaja jina, mtu akitia haramu mdomoni akaitema huwaje. Kanambia, "Huyo ana wazimu. Dhambi kaikaribia na raha hakuipata." Nimecheka mpaka nikaona haya.

Radhi sikupi na sikunyimi. Nataka kujua jambo moja tu: kweli unatema? Mdomo uko kwako na mie niko Maskati, sina wa kumtuma akakuchungulie.

Mwezi huu nna harusi tatu za kuchanganyia udi, vidole vyangu vyeusi tititi. Watu wa hapa wananiita pua ya Maskati. Kwa hivyo mwenzangu usinitie aibu.

Shangazi yako,
Muhsina

Corbières
20 Oktoba 1967

Shangazi wangu mpenzi,

Salamu nyingi, na goti la kushoto nalo nalipa pole.

Uliniuliza kama kweli natema, nikakujibu kwamba ndiyo, na siku ile ilikuwa kweli. Wiki iliyopita tulimaliza kuchuma. Bwana Estève akaniita kwake kula, akafungua chupa ya mvinyo wa mwaka aliozaliwa mwanawe, aliyefia vitani. Alinimiminia mwenyewe. Nikautia mdomoni. Mezani hapakuwa na ndoo, na mzee alikuwa ananitazama. Nikameza.

Lilikuwa funda moja. Sikulewa, wala sitakudanganya kwamba ulikuwa mbaya, maana ulikuwa mzuri. Hapana aliyeniona anayekujua, na ningeweza kunyamaza. Lakini usingizi haunijii nikikumbuka lile jibu langu. Sasa hata mezani kwake nakaa na kopo langu la kutemea, naye haniulizi kitu.

Nisamehe. Ukiniambia niache kazi hii, nitaiacha.

Mwanao,
Aflah

Corbières
9 Novemba 1968

Kwa Shangazi,

Assalamu alaikum. Mwaka na zaidi sijapata hata mstari wako mmoja. Bakhit, baharia wa Matrah, bandari ya huko kwenu, niliyekutana naye Marseille, kanambia u hai, nikashukuru kwa hilo peke yake.

Nimempa chupa akuletee. Ni mvinyo uliogeuka siki wenyewe katika pipa lililosahauliwa, haukubakia ulevi hata kidogo. Chupa ni ya mvinyo kwa kuwa sikupata nyengine, lakini nimeiandika SIKI kwa mkono wangu. Kama hutaki kunijibu, basi tia achari tu.

Aflah wako

Ghubra, Maskati
17 Machi 1969

Mwanangu Aflah,

Waalaikumu ssalaam, na samahani ya kukuweka roho juu. Kimya changu nusu yake kilikuwa hasira. Nusu ya pili ilikuwa homa, iliyoniangusha wakati wa joto kali na kuondoka na pua yangu. Sinusi kitu, mwanangu, hata chungu kikiungua. Udi nachanganya kwa kukumbuka. Sijamwambia mtu, wewe ndiye wa kwanza.

Chupa yako ilizuiliwa forodhani. Marhoon, karani wa pale, akaniita, nikaikuta juu ya meza na watu wameizunguka.

"Bi Muhsina," kanambia, "imeandikwa siki, lakini chupa ya ulevi hii. Mie sijui ulevi unanukaje, na pua yako sote twaijua. Nusa. Utakalosema wewe ndilo nitakaloandika."

Nikanusa. Ilikuwa kama kunusa ukuta. Ningeweza kusema imwageni, nikarudi kwangu na heshima yangu. Lakini nikakufikiria. Huyu kanambia funda moja ambalo hapana aliyeliona; hawezi kuniletea chupa nzima ya haramu akaiita siki. Nikapiga bismillahi, nikajimiminia kiganjani, nikanywa mbele yao.

Ilinikata ulimi mpaka machozi yakanitoka. Marhoon akaniuliza, "Ndiyo siki, Bi?" Nikamwambia, "Siki, tena kali kunishinda mie."

Achari ya ndimu imekwisha kuwa tayari, nusu kaila Hamdiya, na bakuli moja nimempelekea Marhoon. Nakushukuru kwa siki, na zaidi kwa ile barua ya funda moja, ingawa ilinitia uchungu. Hilo liko baina yako na Mola wako, tubu. Na huyo mzee mpe pole ya mwanawe kwa jina langu.

Radhi uliniomba mwaka sitini na sita. Nimekupa siku ile forodhani, kabla kiganja hakijafika mdomoni. Wewe hukuwapo, ndiyo maana nakuandikia.

Shangazi yako akupendaye,
Muhsina